Huseni, Mlinzi wa Nyumba Zisizokwisha

Huseni mwana wa Yahaya alikuwa amejenga, kwa mikono yake na kwa mwiko mmoja uliolika ncha, nyumba thelathini na kitu za watu katika mji wa Bujumbura. Katika hizo alikuwa amelala sita. Na katika hizo sita hakuna hata moja iliyokuwa na vioo madirishani wakati yeye amelala humo, kwa kuwa siku vioo vilipotiwa ndiyo siku aliyofungasha godoro.

Msomaji asidhani mtu huyu alikuwa mlevi, au mcheza kamari, au mvivu wa kuamka. Alikuwa mtu wa swala tano, hakuvuta hata sigara, na alfajiri ilimkuta macho. Kazi yake ilikuwa safi mno. Baadaye itaonekana kwamba ubaya wenyewe ulianzia hapo.

Bujumbura mtu akianza kujenga hutafuta zamu. Zamu ni mlinzi. Wajengao wengi hawana fedha za kujenga kwa mkupuo mmoja: mwaka huu wanapandisha kuta, mwaka ujao wanaezeka mabati, mwaka wa tatu wanakaa kimya wakisikilizia bei. Huku nyuma matofali huota miguu. Basi hutafutwa mtu mwenye familia, akaambiwa: kaa humu, linda mali, usilipe kodi. Mshahara huwa mdogo, na miezi mingine mshahara ni huo usingizi wenyewe. Nyumba ikiisha zamu anapewa asante, anabeba sufuria zake, anakwenda kutafuta msingi mwingine uliokwama. Ni mpango mwema kwa kila mtu isipokuwa zamu, na zamu mwenyewe hachelewi kuuona mwema, mpaka atakapopata watoto.

Huseni hakuzaliwa zamu. Alizaliwa Nyakabiga, katika nyumba ya baba yake, nyumba ya matofali ya kuchoma yenye uani wake na bomba lake. Mzee Yahaya alikuwa fundi wa baiskeli na alikinunua kiwanja kile wakati ambapo fundi wa baiskeli aliweza kununua kiwanja. Alipofariki aliacha watoto saba. Kiwanja hakikuwa na upana wa kugawanyika mara saba, labda kama warithi wangekubali kuishi wamesimama. Kikauzwa. Mnunuzi akajenga ghorofa, na wale saba wakagawana fedha kwa haki kabisa, kila mtu kwa fungu lake la sheria, bila ugomvi wala kutupiana maneno, na kila mmoja akaondoka na kiasi kisichotosha kununua hata jiko la nyumba ile. Mpaka leo ndugu hao wanapendana. Hakuna hata mmoja anayekaa Nyakabiga.

Fungu lake Huseni akalipeleka Buterere. Alionyeshwa kiwanja mwezi wa saba, ardhi imekauka mpaka imepasuka, na muuzaji akamwapia kwamba maji hayafiki pale tangu enzi za babu yake. Huseni alikuwa fundi, aliona mashamba ya mpunga hatua mia mbili kutoka pale, na mpunga si mmea wa jangwani. Alinunua vivyo hivyo. Mwenye shida haulizi maswali ambayo majibu yake anayajua. Akafyatua matofali mabichi, akajenga vyumba viwili, akaoa, akapata mtoto wa kwanza, Houda. Mvua tatu nyumba ilisimama. Mvua ya nne maji yaliingia bila hodi, yakakaa siku nane, na siku ya tisa ukuta wa upande wa barabara ukalala chini taratibu kama mtu aliyechoka. Huseni alilia. Hakuwa amelia tangu siku ya kumzika baba yake, na hakuona sababu ya kujificha.

Tangu hapo akawa zamu. Mkewe, Mwantum, alihesabu mambo kwa namna yake: Houda alijifunza kutembea kwenye nyumba ya kwanza, Ilias alizaliwa kwenye ya pili, mdogo wao Khadidja alizaliwa kwenye ya nne, siku mbili kabla ya mafundi wa vigae kuja kuwatoa. Ya sita ilikuwa hii ya mtaa wa Carama.

Ilikuwa nyumba ya vyumba tisa. Mwenyewe aliitwa Léonce, alikuwa Ubelgiji, na alijenga kama wajengavyo watu walioko mbali, yaani kwa picha. Kuta zilisimama, mabati yakaezekwa, halafu fedha zikakatika. Mwaka ukapita, wa pili, wa tatu. Mpaka wa tano, hakuna dari, hakuna lipu, hakuna milango, madirisha yamezibwa kwa mifuko ya saruji iliyochanwa. Familia ya Huseni ilikaa humo kwa raha ambayo hawakuwahi kuipata kwingine. Sebule ilikuwa pana kiasi kwamba Ilias alicheza mpira humo na mama yake akikaanga chapati upande wa pili asimwagiwe mafuta. Chapati hizo aliziuza barabarani, na Carama nzima ilimjua.

Mwantum alikuwa na dua yake. Baada ya kila swala aliwaombea wazazi wake rehema, watoto wake afya, na Bwana Léonce alimwombea maisha marefu, riziki ya wastani, na matumizi mengi huko huko Ubelgiji. Hakumtakia mabaya. Alimtakia magari, harusi za ndugu, karo za watoto. Redio ikitangaza kwamba saruji imepanda bei, watu mtaani husikitika. Mwantum alisikitika nao, kisha akaingia ndani akasema alhamdulillahi kwa sauti ndogo.

Katika mwaka huo wa tano ndipo alipokuja kijana mmoja aitwaye Valéry, amevaa shati lililopigwa pasi na fulana ya shirika juu yake, na karatasi mkononi. Alikuwa amemaliza chuo kikuu na kazi aliyoipata ilikuwa ya kuwauliza watu kwa nini ni maskini.

"Muzee, hii nyumba iko yako?"

"Apana."

"Basi unapanga."

"Apana. Silipake kitu."

Valéry alitazama karatasi yake. Palikuwa na visanduku viwili tu, mwenye nyumba na mpangaji. "Donc, basi, uko nani hapa?"

"Mi niko ndani," alisema Huseni.

Kijana akaandika kitu pembeni, akaendelea. Vyumba vingapi? Tisa. Watu wangapi? Watano. Akafanya hesabu ya kugawanya, akaifuta, akaifanya tena. Kwa karatasi yake familia hii ilikuwa inaishi vizuri kuliko ya waziri. Halafu akauliza swali lake kubwa, chanzo cha umaskini na cha kukosa makazi ni nini, akasoma majibu ya kuchagua: uvivu, kutosoma, watoto wengi, mengineyo.

"Andika simenti," alisema Huseni.

"Simenti?"

"Ikipanda bei, wenye kujenga wanasimama, mi nabaki humu. Ikishuka, wanamaliza nyumba, mi natoka inje."

"Donc kwako iko vizuri ipande?"

"Ikipanda na mi siwezi kujenga yangu."

Valéry akageuza karatasi akaandika upande wa pili. Alipofika swali la mwisho, suluhisho ni nini, Huseni alimjibu kwa adabu kwamba hilo waliotengeneza karatasi ndio waseme. Kijana akafunga kalamu. Lakini hakuondoka. Akatazama kile chumba cha mwisho, karibu na tangi, akateremsha sauti.

"Muzee, kile chumba kinapangishwaka?"

Ikajulikana kwamba mtafiti wa umaskini alikuwa akilala Nyakabiga, chumba kimoja watu watatu, na kila nyumba aliyoonyeshwa, mwenyewe alidai miezi sita mbele, na komisioneri, yule dalali wa kuonyesha nyumba, alidai chake hata kwa nyumba alizozikataa kijana. Mshahara wake ulitosha kodi ya mwezi. Kwa miezi sita kwa mpigo haukutosha, na haungetosha. Huseni alimwambia chumba si chake. Mwantum alimpa chapati mbili akakataa fedha, na hiyo si kawaida yake.

Miezi miwili baadaye likasimama gari getini, akashuka Madamu Amandine, dada yake Léonce, mtumishi wa serikali, mama wa makamo mwenye sauti ya upole na viatu visivyopenda mchanga. Alileta habari njema, na alizitoa kwa furaha.

"Muzee Huseni, grand frère Léonce ametuma pesa. Nyumba tunamaliza! Na kazi tunakupa weye, kwani tunakuaminia. Miezi ine."

Huseni akasema asante Madamu. Mwantum, aliyekuwa akisukuma unga, akasema asante pia, akaendelea kusukuma chapati ile ile mpaka ikawa nyembamba ya kuonea mwezi.

Madamu alipoondoka mke akamwita mumewe chemba.

"Baba Houda. Nakuomba kitu moja. Enda pole pole."

"Pole pole namna gani?"

"Kama fundi wengine. Leo unaumwa. Kesho mchanga imechelewa. Ijumaa unaenda msikitini, unarudi Jumatatu. Houda iko na egzame ya shule mwisho wa mwaka. Tumalize mwaka hapa, basi."

Huseni alikuwa mume mwenye kusikia, na alijaribu kwa moyo wote. Siku ya kwanza alikaa kivulini tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Jioni vijana wa kazi walisema hawajapata kuona fundi anayeteseka kiasi kile. Siku ya pili aliona kijana mmoja anapiga lipu huku timazi iko mfukoni, akanyanyuka kwenda kumwelekeza tu, na alipokumbuka ahadi yake ukuta mzima ulikuwa umekwisha, umenyooka, unang'aa. Akajaribu njia nyingine, akarudia kila kitu mara mbili ili kupoteza muda. Matokeo yake vyumba vikawa vizuri maradufu, Madamu akampigia picha kaka yake, kaka yake akafurahi akatuma fedha nyingine kabla ya wakati wake. Nyumba ikaisha kwa miezi mitatu. Mwantum hakumgombeza. Alisema tu, "Mwenyezi Mungu alikupa mikono, akasahau kukupa breki," akaanza kukunja mikeka.

Safari hii lakini hawakwenda mbali. Léonce hakuijenga nyumba ile aikae. Alitaka kuwapangishia watu wa mashirika ya kigeni, kodi ihesabiwe kwa dola, na kwa bei aliyoitaja mtu angeweza kununua kile kiwanja cha Buterere kila baada ya miezi miwili, pamoja na vyura wake. Mpaka wageni hao watakapopatikana, nyumba ilihitaji zamu. Pembeni mwa geti pakajengwa kibanda cha mabati, hatua nne kwa tatu, na Huseni akakijenga yeye mwenyewe. Watu watano wakalala humo. Nyumba ya vyumba tisa, yenye vigae na vioo na bafu mbili, ikalala peke yake.

Hivyo ndivyo mwaka ulivyokwenda. Kila Jumamosi Huseni alichukua funguo, akavua viatu mlangoni, akapiga deki vyumba tisa ambavyo hakuna aliyevichafua. Makomisioneri walileta watu. Wageni wawili walikuja, wakasifu kuta, wakauliza habari za barabara na jenereta, hawakurudi. Wenyeji walikuja wengi zaidi. Hao hawakuletwa na mtu. Walikuwa wakipita barabarani wakiona madirisha hayana mapazia. Mwalimu wa shule, muuguzi aliyehamishwa, mjane mwenye cherehani. Wote waliuliza swali moja, kama kuna hata chumba. Huseni aliwajibu wote kwamba hakuna, huku nyuma yake viko tisa, na alikuwa akiona haya ambayo haikumhusu.

Mvua zikaanza. Kibanda cha mabati kina hasara mbili, jua likiwaka unaiva, mvua ikinyesha husikii hata unachofikiri. Mchana mmoja maji yakapita chini ya mlango, yakalowesha daftari za Houda. Mwantum akatoka akasimama uani, katikati ya mvua, akatazama ile nyumba.

"Huseni," akasema. Hakumwita Baba Houda. "Ile nyumba iko na nani ndani?"

"Hakuna."

"Na sisi tunailinda na nani?"

Huseni alifungua mdomo ili ajibu, wezi, akaona kwamba mwenye kuiba usingizi wa watu hapa hakuwa mwizi yeyote. Alimwonea mkewe huruma, na akajionea mwenyewe hasira, na vyote viwili vilikuwa vichungu.

Valéry alirudi wiki hiyo hiyo. Shirika lilikuwa limemtuma duru ya pili, kuona kama watu bado ni maskini. Akaikuta familia imetoka vyumba tisa na kuingia kimoja, akaandika. Akafika lile swali la mwisho.

"Suluhisho, Muzee?"

Safari hii Huseni hakusema waliotengeneza karatasi waseme. Alikuwa ametazama kuta zile Jumamosi hamsini na zaidi, na fundi akitazama ukuta muda mrefu huanza kuona mlango.

"Hii nyumba iko kubwa kwa mutu moja, na huyo mutu hata hayuko," akasema. "Lakini kwa watu wengi iko ndogo? Apana. Pale koridori ufunge na matofali. Hapa ufungue mulango. Kule nyuma na kule. Zinakuwa nyumba ine. Kila moja na mulango yake. Mutu analipa mwezi, kila mwezi, faranga, si dola. Hakuna miezi sita mbele. Nani iko na miezi sita? We uko nayo?"

"Sina," alisema Valéry.

"Basi andika."

Valéry aliandika. Halafu akasema jambo la maana kuliko yote yaliyokuwa kwenye karatasi ile. "Muzee, usiniambie mi. Mwambie Madamu."

Madamu Amandine alisikiliza amesimama, akampigia kaka yake, akaweka simu juu ya kiganja ili wote wasikie. Sauti ya Léonce ilitoka Ubelgiji ikiwa imekasirika barabara.

"Unataka villa yangu ikuwe kambi?"

"Patron," alisema Huseni, "leo inakaa mijusi. Mi nimewahesabu, wako wengi kuliko familia ine. Na hawalipi."

Madamu akatazama juu, kwenye mti, kwa uangalifu mkubwa. Léonce akauliza kama kuta zitakazojengwa zinaweza kubomolewa baadaye bila kuharibu vigae. Huseni akasema ukuta wake haubomoki hovyo, lakini akiamriwa utabomoka kwa heshima. Bwana mkubwa akakata simu. Siku tatu baadaye akapiga tena. Inasemekana benki ilikuwa imempigia yeye kwanza. Akakubali, kwa sharti kwamba wageni wa dola wakipatikana watu wote watoke. Huseni akakubali sharti hilo kwa niaba ya watu wote, kwa kuwa alikuwa ameshawaona wageni wa dola wakitazama barabara.

Akaanza kazi. Ilikuwa kazi iliyompendeza kuliko zote thelathini na kitu. Alijua kila pembe, alijua bomba linapita wapi, alijua jua linaingia saa ngapi chumba gani. Sehemu ya kwanza akaingia mwalimu na familia yake. Ya pili akaichukua mjane mwenye cherehani, na mashine ikawekwa dirishani palipo na mwanga. Ya tatu akaingia Valéry pamoja na wale wenzake wawili, safari hii kila mtu na chumba chake. Valéry alipokabidhiwa ufunguo alisimama mlangoni kwa muda, akiufungua na kuufunga mlango, mara tatu nne. Huseni alijifanya anatafuta msumari.

Ilibaki sehemu ya nne, ndogo kuliko zote, vyumba viwili na jiko upande wa nyuma. Hapo ndipo Madamu alipokuja kumpongeza.

"Muzee, kweli umetuonyesha kitu. Nyumba imejaa watu! Sasa hata zamu haina maana, nyumba yenye watu inajilinda yenyewe, ao siyo?" Aliyasema kwa wema, alikuwa akimsifu. "Hii baraki ya mabati mutaitoa mwisho wa mwezi, kusudi walokateri, hawa wapangaji, wapate mahali pa kuweka moto zao, pikipiki. Mi mwenyewe nitakutafutia chantier ingine, kazi ya kujenga."

Huseni akasema ndiyo Madamu. Alimsindikiza mpaka garini, akafunga geti, akasimama nyuma ya geti akilishika. Mtu hupata kufukuzwa na mafuriko, akafukuzwa na vioo. Kufukuzwa na wazo lake mwenyewe hakuwa amewahi. Alikuwa amefikiria mwalimu, akamfikiria mjane, akamfikiria hata kijana wa karatasi. Kichwani mwake watu walikuwa aina mbili, wapangaji na zamu, na wapangaji ndio waliotafutiwa suluhisho.

Basi akaingia sehemu ya nne kwa hasira. Hakuchukua pima maji. Timazi aliiacha kwenye mfuko. Akakoroga udongo mwingi saruji kidogo, akarusha lipu ukutani kama mtu anayemrushia mbwa jiwe, akasawazisha mara moja akaondoka. Alimaliza vyumba viwili kwa siku mbili. Ukuta mkubwa wa chumba cha kulala ulitoka na tumbo katikati, kitambi kabisa, kinachoonekana tangu mlangoni. Huseni alikitazama kitambi kile, akaona aibu, halafu akaona raha, halafu aibu ikarudi. Akasema moyoni, yule atakayekuja atakilalia yeye. Mi sitakuwapo.

Wakati anaosha mwiko Mwantum akaja na beseni la nguo kichwani, Khadidja nyuma yake na mto. Hakusimama. Akaingia moja kwa moja sehemu ya nne, akalitua beseni.

"Unafanya nini humo?" Huseni akauliza. "Lipu iko mbichi."

Mwantum akatoa kikaratasi ndani ya kitambaa alichofungia fedha za chapati, akampa. Ilikuwa risiti ya Madamu, yenye mhuri. Mwezi mmoja, sehemu ya nne. Jina la mpangaji: Mwantum.

Huseni aliisoma, akaigeuza, akaisoma nyuma ambako hakukuwa na kitu.

"Ulilipa lini?"

"Siku ile ile simu ya Ubelgiji ilisema sawa. Nilienda kwa Madamu kabla ya mwalimu. Nimekuwa wa kwanza. Madamu alifikiri unajua." Alikuwa akikunjua nguo. "Pesa ya miezi sita sikuwakaka nayo siku hata moja, tangu unioe. Ya mwezi moja niko nayo kila mwezi. Chapati inalipa mwezi."

"Na hukuniambia?"

"Nilianza kukuambia mara mbili. Ukanijibu mambo ya wapangaji haiko kazi ya zamu. Nikaona basi, acha zamu afanye kazi."

Huseni akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Miaka kumi na minne alikuwa akilala kwa fadhila ya nyumba ambazo hazijaisha, na huyu mwanamke, kwa unga na mafuta na mkono wake, amenunua siku thelathini ambazo hakuna mtu angeweza kuja kusema asante, tokeni. Alitaka kusema neno kubwa. Machozi yalikuwa karibu. Akageuza uso, na uso wake ukakutana na ule ukuta.

"Mama Houda," akasema. "Huu ukuta."

"Nimeuona."

"Nipe siku moja. Nauangusha, naupiga lipu upya. Wallahi, ukuta kama huu sijafanya maisha yangu yote. Watu wataingia humu, watasema Huseni ndiyo alifanya."

Alikuwa ameshanyanyuka, timazi imeshatoka mfukoni. Mwantum akaja akasimama baina yake na ukuta, mgongo umeegemea kile kitambi, lipu mbichi ikimshika kangani, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao alimpandishia mumewe sauti.

"Usiuguse! Ukianza kuutengeneza utaumaliza vizuri. Ukiisha vizuri, atakuja mutu ataupenda."

Huseni akarudisha timazi mfukoni. Akaenda kuchukua godoro.